Hamna kipimajoto kinachoingia humo: redio inavyotusomea joto la "jua bandia"

Kila zikitoka habari za jua bandia la Wachina, kwenye magrupu ya WhatsApp lazima atokee mtu wa kuuliza, na mi naona ndo swali la maana kuliko mengine yote yanayoulizwa humo: hizo digrii milioni mia na kitu wamezipimaje? Nani kaingiza kipimajoto humo ndani na kikatoka kizima? Watu wanacheka, wanatupia stika mbili tatu, halafu mmoja anahitimisha kwamba basi ni uongo wa wazungu na Wachina, na mada inaishia hapo. Inaniuma kidogo kwa sababu jibu lipo, ni zuri, na sehemu kubwa ya jibu lenyewe ni kitu ambacho babu zetu walikuwa nacho mezani kila jioni, yaani redio.

Kwanza tusafishe njia. Ile video iliyozunguka sana mwanzoni mwa 2022, watu wako ufukweni usiku, kitu kinapaa angani kinang'aa mpaka mawingu yanakuwa ya njano, wakasema China imerusha jua bandia, ile ilikuwa roketi ikirushwa kutoka kituo cha Wenchang kisiwani Hainan. Jua bandia halipai popote. Ni mashine imekaa ndani ya jengo, imefungwa nati, na plazma yake iko ndani ya chombo cha chuma ambacho hewa yote imenyonywa. Ya China inaitwa EAST, iko mji wa Hefei, na Januari 2025 ilishikilia plazma kwa sekunde 1,066, halafu mwezi uliofuata mashine ya Ufaransa inayoitwa WEST ikaipita kwa sekunde 1,337. Lengo la hizi mashine zote ni kuunganisha viini vya hidrojeni nzito viwe heliamu na kutoa nishati, kitu cha jamii ile ile kinachoendelea ndani ya jua.

Sasa plazma ni nini. Chukua gesi, ipashe moto, endelea kuipasha, inafika mahali atomi zinagongana kwa nguvu mpaka elektroni zinabanduka. Ukishafika hapo hauna gesi tena, una supu ya vitu viwili, elektroni zenye chaji hasi na viini vyenye chaji chanya vinavyoitwa ioni, vyote vinakimbia ovyo. Hiyo ndo plazma, wapo wanaoiita utegili. Radi ni plazma. Ndani ya ile taa ndefu ya tyubu jikoni kuna plazma ikiwa imewaka. Kwa hiyo sio kitu cha ajabu, cha ajabu ni joto lake tu, maana kwenye mashine hizi wanatafuta digrii milioni 150 au zaidi, kama mara kumi ya joto la katikati ya jua letu.

Na hapa kuna hofu moja niimalize mapema, kwamba ikivunjika itayeyusha dunia. Plazma hii ni nyepesi kupita kiasi. Ukilinganisha idadi ya chembe, ni nyembamba kuliko hewa unayovuta sasa hivi kama mara laki mbili na nusu. Ile mashine kubwa inayojengwa Ufaransa, ITER, chumba chake cha plazma kina ujazo wa zaidi ya mita za ujazo 800, ukubwa wa nyumba kadhaa, lakini plazma itakayokuwemo haifiki uzito wa sukari ya kijiko. Ikigusa ukuta inapoa na kuzima pale pale, ukuta unaweza kuumia, ila moto wa kusambaa hauna cha kula.

Sasa kwa kuwa hakuna sufuria ya kubeba joto hilo, wanatumia sumaku. Chembe yenye chaji ikiwa kwenye uga wa sumaku haiwezi kukata njia moja kwa moja, inajikuta inazunguka. Fikiria mbuzi aliyefungwa kamba, na ile kamba imeunganishwa na pete inayoteleza kwenye waya mrefu uliotandazwa shambani. Mbuzi anaweza kwenda mbele na nyuma kufuata waya kadiri anavyotaka, lakini akitaka kwenda pembeni anaishia kuuzunguka waya tu. Ukiuviringisha huo waya mpaka ukutane mwanzo na mwisho, kama tyubu ya ndani ya tairi, mbuzi hana pa kutokea. Mashine ya umbo hilo inaitwa tokamaki, waliibuni Warusi.

Na Warusi wenyewe walishawahi kukutana na lile swali la WhatsApp. Mwaka 1968, kwenye mkutano wa Novosibirsk, timu ya Lev Artsimovich ilisema mashine yao ya T-3 pale Moscow imefika digrii milioni kumi hivi, na wenzao wa Magharibi hawakuamini. Ikabidi timu ya Waingereza kutoka Culham ipande na mizigo yake ya vifaa mpaka Moscow, katikati ya vita baridi, wakapiga mwanga wa leza ndani ya plazma na kuangalia unavyotawanyika. 1969 wakatoa majibu: Warusi wako sahihi. Kwa hiyo ukiuliza "wamepimaje" hauko mbali na walivyouliza wanasayansi wakubwa, tofauti ni kwamba wao walienda kupima.

Leza ni njia moja. Njia ninayoipenda mimi ni ile ambayo haupigi chochote ndani, unanyamaza na kusikiliza. Umemuona fundi wa bodaboda mzoefu? Unamletea pikipiki inagonga gonga, hafungui kitu, anachukua bisibisi, ncha anaigusisha kwenye blok ya injini, mpini anauweka sikioni, anakaa kimya kama anasikiliza siri, halafu anakwambia "vavu hii". Injini inawaka, imefungwa, ina moto ndani, na yeye kashajua kinachoendelea mle kwa mlio tu. Wanaopima plazma kwa redio wanafanya kazi ya huyu fundi.

Mlio unatoka wapi? Turudi kwa mbuzi. Elektroni ikizungushwa na sumaku inatoa mawimbi ya redio, hiyo ni sheria ya kawaida kabisa, hata mnara wa redio unafanya hivyo hivyo, unatikisa elektroni ndani ya chuma na mawimbi yanaondoka. Na elektroni kwenye sumaku haizunguki kwa kasi ya kubahatisha. Kwa kila tesla moja ya nguvu ya sumaku (tesla ndo kipimo chake, mashine ya MRI ya hospitali mara nyingi ni tesla 1.5) elektroni inazunguka mara bilioni 28 kwa sekunde, yaani gigahezi 28. Tesla mbili, gigahezi 56. Unaweza kufikiri elektroni yenye joto zaidi itazunguka haraka zaidi, lakini sivyo, maana mbuzi mwenye mbio ana kamba ndefu, anazunguka duara kubwa kwa mwendo mkali na mwisho wa siku anamaliza mzunguko kwa muda ule ule na mwenzake mvivu. Kinachoamua frikwensi, yaani idadi ya mizunguko kwa sekunde, ni sumaku.

Shikilia hapo hapo kwa sababu ndo penyewe. Ndani ya tokamaki sumaku haina nguvu sawa kila mahali, upande wa ndani karibu na tundu la katikati ni kali, na ukienda nje inapungua kwa mpangilio unaojulikana kabisa, umbali ukiongezeka mara mbili nguvu inashuka nusu. Chukua ITER kama ilivyopangwa: katikati ya plazma, mita 6.2 kutoka kwenye mhimili, sumaku ni tesla 5.3, kwa hiyo elektroni za hapo zinalia gigahezi 148. Ukingo wa nje, kwenye mita 8.2, sumaku ni tesla 4 hivi, elektroni za hapo zinalia gigahezi 112. Kila sehemu ina frikwensi yake! Ni kama unavyosafiri na basi kutoka Dar kwenda Mwanza unasikiliza stesheni ile ile, ukitoka mkoa mmoja inapotea, inabidi uitafute kwenye namba nyingine, na msikilizaji mzoefu anaweza kufumba macho na kwa kuangalia namba tu akajua yuko mkoa gani. Kwa hiyo wakiweka antena moja nje ya dirisha dogo la mashine, na redio yenye chaneli nyingi nyuma yake, kila chaneli inasikiliza kipande chake cha plazma, sentimita kwa sentimita, bila kuingiza hata sindano.

Frikwensi imetuambia wapi. Joto tunalipata kwenye ukali wa sauti. Fundi chuma akitoa panga kwenye moto anajua joto kwa rangi na mng'ao, kwa sababu kitu kinachonyonya mwanga vizuri, kikipata moto kinatoa mwanga kulingana na joto lake na si vinginevyo. Plazma kwa macho inapitisha mwanga, unaona upande wa pili, lakini kwenye zile frikwensi za mzunguko wa elektroni, hasa ile ya mara mbili ya mzunguko wa msingi ambayo ndo husikilizwa sana, plazma inakuwa nzito kama chuma, wimbi lake lenyewe inalimeza na kulitoa tena na tena, na linalofanikiwa kutoka linabeba alama ya joto la mahali pale. Na kwenye mawimbi ya redio hesabu inakuwa nyepesi ajabu: joto likipanda mara mbili, nguvu ya mawimbi inapanda mara mbili. Mwaka 1974 watu wa Culham waliusoma mlio huu kwenye mashine yao ndogo ya CLEO na kuulinganisha na nadharia, na siku hizi tokamaki kubwa karibu zote zina redio ya aina hiyo.

Uzuri mwingine ni kwamba haichoki. Leza inapiga, inasubiri, inapiga tena. Redio iko hewani muda wote, inaweza kusoma joto mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kuna kitu plazma inafanya, katikati joto linapanda taratibu, taratibu, halafu ghafla linaporomoka na kumwagika kuelekea nje, halafu linaanza kupanda tena. Ukichora grafu inatoka meno ya msumeno, na ndo jina walilolipa, msumeno. Kwenye chaneli ya katikati unaona jino linaanguka, na muda huo huo kwenye chaneli za pembeni unaona jino limegeuka, linaruka juu, kwa sababu joto lililotoka katikati ndo linapita hapo. Nikiangalia grafu hiyo naona kabisa kitu kinahama, kama maji yaliyopasua tuta.

Haya, sasa makosa, maana bila kusema makosa nitakuwa nimewauzia. Redio hii inaamini kwamba elektroni zimetulia kwenye joto moja linaloeleweka. Kukitokea kikundi cha elektroni zilizopata mbio kupita wenzake, hata kama ni chache, zinapiga kelele kubwa kuliko idadi yake na redio itasoma joto ambalo halipo. Pia kwenye joto kubwa sana elektroni inakimbia mpaka inaanza kuwa kama imeongezeka uzito, Einstein alishasema hayo, na mlio wake unashuka kidogo, kwa hiyo mtu asipofanya hesabu hiyo ataweka joto mahali ambapo silo. Na stesheni zinaingiliana, mlio wa mara tatu unaotoka ukingo wa nje unaweza kulingana na mlio wa mara mbili unaotoka upande wa ndani, ndo maana upande wa ndani mara nyingi hausikiki vizuri. Kwenye mashine ya JET kule Culham na TFTR ya Princeton, Marekani, plazma zilipokuwa za moto sana, redio na leza hazikukubaliana, redio ikisema joto liko juu kuliko leza inavyosema. Mi naona hilo linapaswa kumpa msomaji imani zaidi, vipimajoto viwili visivyojuana, vinakubaliana sehemu kubwa, na pale vinapotofautiana watu wanakaa chini kutafuta kwa nini.

Halafu plazma yenyewe ni ukuta kwa baadhi ya mawimbi. Na hapa ndo babu anaingia. Mnaokumbuka redio ya mkulima, ile ya betri kubwa, babu anavuta antena, anageuza kitufe taratibu kwenye SW mpaka mluzi unapotea na sauti ya mtangazaji wa Kiswahili kutoka London au Ujerumani inatoka, "masafa mafupi, mitabendi ya...". Ile sauti ilifikaje kijijini bila setilaiti? Ilienda juu, ikagonga tabaka la plazma lililoko angani, ikadunda na kurudi chini. Plazma inayakataa mawimbi yenye frikwensi ndogo kuliko kiwango fulani, na kiwango hicho kinategemea msongamano wa elektroni. Angani elektroni ni chache kwa hiyo inayodunda ni megahezi. Ndani ya tokamaki zimesongamana kama mara milioni mia, kwa hiyo ukuta unahamia kwenye gigahezi 90 hivi. Mlio wa gigahezi 148 unapita juu ya ukuta huo na kutoka. Lakini kuna tokamaki nene kama embe, kwa mfano MAST iliyokuwa pale pale Culham, sumaku yake ilikuwa ndogo, nusu tesla hivi, mlio wa elektroni gigahezi 14 wakati ukuta uko mbali juu yake. Humo mlio unafungiwa ndani, hausikiki moja kwa moja, inabidi kutumia ujanja mwingine. Yaani kilichompa babu habari za dunia ndo kinachowanyima hawa habari za plazma yao.

Mpaka hapa tumesikiliza elektroni tu. Ioni nazo zinazunguka, ila ni nzito, zinazunguka polepole maelfu ya mara, na mlio wake unashuka kutoka gigahezi mpaka megahezi, kabisa kwenye redio ya kawaida. Na hapa mlio hausemi joto, unasema kitu kingine ambacho mi nakiona kikubwa zaidi.

Zile hidrojeni nzito ziko mbili, deuteriamu na tritiamu, na zikiungana zinatoka chembe mbili. Nyutroni, haina chaji, inapasua sumaku na kuondoka. Na kiini cha heliamu, wanakiita alfa, kina chaji kwa hiyo kinabaki, na kina nishati kubwa mno ukilinganisha na wenzake waliomo. Hizi alfa ndo zinatakiwa ziipashe plazma moto ili moto ujitegemee. Lakini ni chache na zimechanganyika na kila kitu, utajuaje zipo na zinafanya kazi? Novemba 1991 JET iliweka tritiamu ndani kwa mara ya kwanza, kidogo tu. Antena zilizopo pale, ambazo kazi yake ya kila siku ni kupiga mawimbi ya kupasha moto plazma, zilitumika kusikiliza. Kukatoka milio iliyopangwa kama ngazi, wa kwanza karibu megahezi 17, unaofuata 34, halafu 51, na kuendelea juu. Megahezi 17 kwenye redio ya babu ni mitabendi ya 16. Ngazi ya juu yake, kwenye 102, inaangukia eneo la FM.

Walivyopiga hesabu, 17 ndo mzunguko wa alfa kwenye sumaku ya ukingo wa nje, tesla 2.2 hivi. Zinazaliwa katikati, lakini baadhi zina njia pana zinazozipeleka mpaka ukingoni kabla ya kurudi, na pale ukingoni zinajikuta zenye nguvu ni nyingi kuliko zisizo na nguvu, hali ambayo haitulii, lazima ziachie, na zinaachia kama wimbi. Kilichowashangaza ni kwamba ukali wa mlio ulienda sambamba na idadi ya nyutroni zinazotoka, yaani na kasi ya muungano wenyewe, kuanzia majaribio madogo kabisa yasiyo na tritiamu mpaka makubwa, tofauti ya mara milioni moja, na mstari haukukatika. Mlio wa aina hiyo umesikika pia Princeton, umesikika Japani, Korea na Ujerumani.

Watu wanaogopa sana neno "mionzi ya redio" kwa hiyo niseme, mawimbi haya hayatoki nje kwenda kwa mtu, yamefungiwa kwenye chuma, na yanayofika kwenye kifaa ni madogo mno, inabidi yakuzwe ndo yasomeke. Cha kuogopa kwenye mashine hizi ni nyutroni, ndo maana zinazungushiwa zege nene, na nyutroni hizo hizo zinaharibu vioo na lenzi za vipimo vya mwanga, vinafifia kama kioo cha simu ya zamani. Antena ni kipande cha chuma na waya, inavumilia. Kwa sababu hiyo wapo wanaotetea kwamba ITER iwe na antena za kusikiliza ioni.

JET ilifungwa Desemba 2023, miezi michache baada ya kutoa megajuli 69 kutoka kwenye miligramu 0.2 tu za mafuta. ITER bado inajengwa pale Cadarache. Ukichukua ile tesla 4 ya ukingo wake wa nje na kuzidisha kwa megahezi 7.6, ambao ndo mzunguko wa alfa kwa kila tesla, unapata megahezi 30, pale pale masafa mafupi yanapoishia kwenye redio.